Bidii Isiyoona Matunda: Kwa Nini Ari ya Kujifunza Kiingereza Hufifia

Mwalimu aliyewahi kufundisha Kiingereza kwa wanafunzi wasiokizungumza nyumbani anaijua hali hii vizuri. Mwaka wa kwanza mikono inanyooshwa kabla swali halijamalizika kuulizwa. Mwaka wa tatu au wa nne wanafunzi walewale wanainamia madaftari yao, wakiomba kimoyomoyo majina yao yasitajwe. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba wamekuwa wavivu, na ikiwa si uvivu basi ni simu, na ikiwa si simu basi hawakujaliwa kipaji cha lugha. Maelezo hayo yana faida moja kubwa kwa wanaoyatoa: hayamlazimishi mtu mwingine yeyote kubadilisha chochote.

Ukifuatilia kwa makini namna lugha ya pili inavyomwingia mtu, na namna shule inavyoipima, unaona mambo mengine kabisa. Mara nyingi mwanafunzi anayepoteza ari amefikiri sawasawa, kwa kuzingatia ushahidi aliopewa. Ameongeza bidii asione tofauti, amekosolewa zaidi kadiri alivyothubutu zaidi, na hatimaye amehitimisha kwamba juhudi zake na matokeo yake ni mambo mawili yasiyohusiana. Uvivu tunaouona mwishoni ni zao la hitimisho hilo, na ndiyo maana kuukemea hakusaidii. Swali linalostahili kujibiwa ni kwa nini ushahidi huo unakuwa mbaya kiasi hicho, ilhali mwanafunzi mwenyewe, kwa kweli, bado anajifunza.

Utafiti wa mambo haya una historia ndefu. Mwaka 1959 wanasaikolojia Robert Gardner na Wallace Lambert walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kifaransa mjini Montreal, wakaonyesha kwamba mafanikio ya wanafunzi hao hayakuweza kuelezwa kwa kipaji peke yake, kwa sababu nia yao na mtazamo wao kuhusu wenye lugha ile vilikuwa na uzito wake. Kutokana na kazi yao ulienea utofautishaji ambao walimu wengi wanautumia hadi leo, kati ya anayejifunza lugha ili awe karibu na wazungumzaji wake na anayejifunza ili apate kazi, cheti au nafasi ya masomo. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, imezaa mazoea ya kumtazama mwanafunzi kana kwamba alikuja darasani na kiasi fulani cha ari kilichokwishapimwa, kikubwa au kidogo, na kwamba shule haina la kufanya ila kukitumia mpaka kiishe. Watafiti waliofuata, Zoltán Dörnyei akiwa miongoni mwa waliosikika zaidi, walisisitiza kwamba ari hupanda na kushuka ndani ya mwaka mmoja, ndani ya wiki moja, hata ndani ya kipindi kimoja, kutegemea yanayompata mwanafunzi.

Linalompata kwanza ni hesabu ya muda ambayo hakuna aliyemfanyia. Ngazi sita za umahiri wa lugha zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, zinatumika sasa katika nchi nyingi, na makadirio yanayotolewa na watahini wa Cambridge ni kwamba kufikia A2 kunahitaji takriban saa 180 hadi 200 za kufundishwa, B1 saa 350 hadi 400, B2 saa 500 hadi 600, na C1 saa 700 hadi 800. Mchukulie mwanafunzi mwenye vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki, katika mwaka wa masomo wenye wiki 36. Anapata saa 72 kwa mwaka, tena kama hakuna kipindi hata kimoja kilichopotea. Kwa mwendo huo ataifikia A2 baada ya karibu miaka mitatu, na B2, ngazi ambayo mtu huanza kufuatilia mjadala au kusoma maandishi marefu bila kuhangaika sana, baada ya miaka saba hadi minane, isipokuwa kama anakutana na lugha hiyo kwa wingi nje ya darasa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayejilaumu kwa kutoelewa taarifa ya habari ya Kiingereza hayuko nyuma ya wakati. Yuko mahali hasa ambapo hesabu inasema angekuwa, lakini kwa kuwa matangazo yamemwahidi Kiingereza cha miezi mitatu, na mtaala umemwandikia malengo ya B2 bila kumpa saa za B2, anajiona mjinga.

Tatizo la pili ni gumu zaidi kuliona, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha jambo zima: maendeleo ya mwanzo yanaonekana kwa macho, ya katikati hayaonekani. Sababu iko katika msamiati wenyewe. Maneno ya Kiingereza hayatumiki kwa usawa. Machache hurudi katika kila mstari, na mengine maelfu kwa maelfu hutokea mara moja katika kurasa nyingi. Familia za maneno 2,000 zinazotumika zaidi (familia moja ni neno pamoja na maumbo yake, kama work, works na worker) hufunika takriban asilimia 80 ya maneno ya maandishi ya kawaida, wakati mwingine zaidi kidogo. Lakini ili msomaji afunike asilimia 98, kiwango kinachomwezesha kusoma riwaya au gazeti bila msaada, mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000.

Asilimia 80 inasikika kuwa nyingi mpaka mtu ajaribu kusoma nayo. Hii hapa ni sentensi ya maneno 15 ambayo matatu kati yake yamefichwa: "Mzee alipofika ______ alikuta ______ yote imeshachukuliwa, akarudi nyumbani akiwa na ______ kubwa moyoni mwake." Sarufi yote ipo, na maneno madogo yote yapo. Hata hivyo hujui mzee alifika wapi, hujui ni nini kilichochukuliwa, wala hujui kama alirudi na huzuni, hasira au furaha. Maneno yanayokosekana ndiyo hasa yanayobeba habari, kwa kuwa maneno adimu ndiyo yanayotaja mambo mahususi. Mwanafunzi anayejua maneno 2,000 amefanya kazi kubwa, pengine ya miaka, na bado kila ukurasa anaoufungua unamwambia kwamba hajui.

Tazama sasa kinachotokea anapoongeza bidii. Maneno 500 ya kwanza yalimbadilishia ulimwengu, kwa sababu aliyakuta kila mahali: kwenye mabango, kwenye nyimbo, kwenye kila aya ya kitabu chake. Maneno 500 ya mwaka wa nne yanamgharimu jasho lilelile, au zaidi, kwa kuwa ni marefu na ya dhahania, lakini huenda akapita wiki nzima bila kukutana na hata kumi kati ya hayo. Gharama imebaki palepale na malipo yamepungua kiasi cha kutohisiwa. Yeyote anayepata malipo ya namna hiyo angejiuliza kama aendelee. Programu za simu zinazotoa pointi na nyota kila siku huficha ukweli huu kwa muda, na si vibaya kuzitumia, ila nyota huhesabu siku alizofungua programu, nayo taarifa ya habari inabaki ngumu kama jana.

Kwenye kipindi hicho cha ukame ndipo masahihisho yanapozidi. Kuna mfano mmoja ambao kila mwalimu wa Kiingereza ataukumbuka. Kitenzi cha wakati uliopo huchukua herufi "s" mwishoni kikiwa katika nafsi ya tatu umoja. Kanuni hii inaenea katika mstari mmoja wa ubao, na kwa hiyo hufundishwa miezi ya mwanzo kabisa. Mwanafunzi anasimama kueleza habari za dada yake: "My sister work in a hospital." Mwalimu anaingilia: "works." Mwanafunzi anarudia "works," anameza mate, anaendelea: "She like it very much." Mwalimu: "likes." Kufikia hapo dada amesahauliwa, hospitali imesahauliwa, na alichotaka kusema kuhusu kazi ya dada yake hakitasemwa tena. Jioni mwanafunzi huyo huyo atajaza nafasi kumi kwenye daftari la mazoezi kwa kanuni hiyohiyo na kuzipata zote.

Mwalimu anahitimisha kwamba mwanafunzi hazingatii. Mwanafunzi anahitimisha kwamba ana kasoro. Wote wawili wamekosea, kwa sababu kuijua kanuni ukiwa na muda wa kufikiri ni jambo moja, na kuitoa ulimini huku unatafuta maneno, unapanga mawazo na unatazama uso wa anayekusikiliza ni jambo jingine. Tafiti zilizoanza miaka ya 1970 zimeonyesha mara kwa mara kwamba "s" hiyo ni miongoni mwa viambishi vinavyochelewa sana kukaa sawa katika mazungumzo ya wajifunzaji, hata wale ambao lugha zao za kwanza hazifanani. Manfred Pienemann, mwanaisimu aliyechunguza hatua za ujifunzaji, alipendekeza katika miaka ya 1980 kwamba ufundishaji huharakisha tu kile ambacho mwanafunzi yuko tayari kukipokea, na hauwezi kumrusha hatua. Kwa hiyo tunachukua kanuni inayochelewa kuiva, tunaifundisha mapema, kisha tunamsahihisha mtu kwa miaka mitano kwa kosa ambalo ni la hatua aliyopo.

Masahihisho yenyewe, zaidi ya hayo, hayafiki kila yanapotumwa. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza mwaka 1997 madarasa ya Kanada ambako watoto walifundishwa masomo kwa Kifaransa, lugha yao ya pili, na waligundua kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia tu sentensi ya mwanafunzi kwa usahihi, na kwamba mara nyingi wanafunzi hawakuonyesha kuyapokea masahihisho ya aina hiyo. Huenda walichukua kurudiwa kule kuwa ni kukubaliwa. Si hoja ya kuacha kusahihisha, maana mwanafunzi asiyesahihishwa kabisa naye hujiona amesahauliwa. Ni hoja kwamba wingi wa masahihisho haupimi wingi wa mafunzo.

Kwenye maandishi hali ni mbaya zaidi kwa sababu alama zinahesabika. Mwanafunzi anayeandika sentensi sita fupi alizozizoea atapata kosa moja au mawili. Mwanafunzi aliyeanza kukua anajaribu sentensi zenye vishazi viwili, anatafuta kitenzi kisicho cha kawaida, anathubutu kutoa hoja. Daftari linarudi limejaa wekundu. Mfumo unaopima kwa kuhesabu makosa humwadhibu mtu kwa kukua, na kumtuza aliyebaki mahali salama. Baada ya miezi michache mwanafunzi mwenye akili hujifunza kucheza salama, na asiyecheza salama huacha kucheza.

Ni hapa ambapo saikolojia ina la kutuambia. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio yaliyokuja kuwa maarufu, ambapo mbwa waliopewa mishtuko ya umeme isiyoepukika walishindwa baadaye kujiokoa hata walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kidogo kungewatosha. Kwa miongo kadhaa ilielezwa kwamba wanyama wale walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Kisichojulikana sana ni kwamba mwaka 2016 watafiti walewale, wakitumia yaliyogunduliwa kuhusu ubongo katika miaka iliyofuata, waliligeuza fundisho lao wenyewe: kunyong'onyea mbele ya shida isiyokwisha ndiko kunakotokea bila kufundishwa, na kinachojifunzwa ni kutambua kwamba tendo langu linaweza kubadilisha hali. Kutoka kwa mbwa wa maabara hadi mtoto wa darasani ni mbali, na sitaki kuuvuta ulinganisho huu kupita kiasi. Lakini ukiukubali hata kwa nusu, swali la mwalimu hubadilika. Badala ya kuuliza ni nani aliyemfundisha mwanafunzi huyu kukata tamaa, tunauliza ni lini mara ya mwisho alipoona kwamba alichokifanya kimeleta tofauti.

Aibu nayo ina nafasi yake, na inawashika zaidi vijana na watu wazima kuliko watoto wadogo. Elaine Horwitz na wenzake walipoandaa mwaka 1986 kipimo cha hofu ya darasa la lugha, chenye kauli 33, walitoa hoja kwamba hofu hii si hofu ya kawaida ya masomo tu. Katika hisabati ukikosea, jibu lako limekosewa. Katika lugha ya kigeni kinachoonekana kukosewa ni wewe mwenyewe. Mtu mwenye mawazo ya umri wake, mwenye utani, mwenye uwezo wa kubishana, analazimika kujieleza kwa maneno ya mtoto wa miaka mitatu mbele ya watu ambao kesho atataka wamheshimu. Kunyamaza kunalinda heshima hiyo, na kwa kuwa kuzungumza hakujengeki bila kuzungumza, kila siku ya kunyamaza huifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Juu ya yote hayo kuna swali la ni Kiingereza cha nani kinacholengwa. Dörnyei alipendekeza mwaka 2005 kwamba kinachomvuta mjifunzaji ni sura yake mwenyewe ya baadaye, jinsi anavyojiona akiitumia lugha hiyo, na kwamba sura hiyo haina nguvu isipoaminika. Vitabu vingi humwekea mwanafunzi sura ya mzaliwa wa Uingereza au Marekani, pamoja na matamshi yake. Wanaotumia Kiingereza duniani bila kuzaliwa nacho ni wengi kuliko waliozaliwa nacho, na mazungumzo mengi ya biashara, sayansi na usafiri wa anga hufanywa kati ya watu wa namna hiyo, wakielewana vizuri kwa lafudhi zao. Lengo ambalo karibu hakuna anayelifikia humwacha kila mtu akijihesabu kuwa ameshindwa, wakiwemo waliofaulu.

Kuhusu nani wa kulaumiwa, watafiti hawajakubaliana, na labda hawawezi kukubaliana. Uchunguzi wa Dörnyei wa miaka ya 1990 ulimweka mwalimu mbele kabisa katika orodha ya vinavyoua ari; Hideki Sakai na Keita Kikuchi, waliowachunguza wanafunzi wa sekondari nchini Japani mwaka 2009, walikuta kwamba maudhui ya masomo, vitabu na alama za mitihani viliwavunja moyo wanafunzi kuliko walimu. Nadhani majibu yote mawili yanaelezea kitu kimoja kutoka pande mbili. Mwalimu ndiye anayefikisha ujumbe, na mtihani ndio unaouandika.

Ikiwa chanzo ni ushahidi mbovu, basi tiba ya kwanza ni kumwonyesha mwanafunzi ushahidi wa kweli, na hotuba kuhusu umuhimu wa Kiingereza hazina kazi hapo. Umuhimu anaujua, pengine ndio unaomlemea. Sauti ya mwanafunzi iliyorekodiwa kwenye simu mwanzoni mwa muhula, ikisikilizwa tena baada ya miezi minne kando ya ile mpya, husema zaidi ya ripoti yoyote. Vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa msamiati uliodhibitiwa humpa ukurasa ambao anaelewa maneno 49 kati ya kila 50, na hapo kwa mara ya kwanza anasoma badala ya kufumbua. Mwalimu anaweza kutangaza kwamba wiki hii anasahihisha jambo moja tu, na mengine yote yatapita, kisha akalishikilia neno lake hata kalamu inapomwasha mkononi.

Lipo pia zoezi moja ambalo linaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Mwanafunzi anapewa mada anayoijua na muda mfupi wa kujiandaa. Anaizungumza kwa dakika nne kwa mwenzake. Anahamia kwa mwenzake wa pili na kusema yaleyale kwa dakika tatu. Kisha kwa wa tatu kwa dakika mbili. Mara ya kwanza anasitasita, anarudi nyuma, anatafuta neno. Mara ya tatu sentensi zinafuatana, kwa sababu maneno ameshayatafuta na kuyapata, na wasikilizaji wapya wanamfanya asione ujinga kurudia. Hakuna sarufi mpya aliyofundishwa katika dakika hizo tisa. Lakini amejisikia mwenyewe, kwa masikio yake, akizungumza vizuri zaidi kuliko alivyozungumza muda mfupi uliopita, na sababu ilikuwa tendo lake.

Mbinu hizi hazitamrudisha kila mtu, wala si lazima. Wapo wanaoacha kwa sababu wamepata walichokihitaji: mtu mzima ambaye kazi yake inamtaka asome maelekezo na kujibu barua fupi, akafika B1, akaona saa nyingine 200 anazihitaji kwa mambo mengine. Ukimwuliza kwa nini ameacha, atataja alichonacho na anachokifanya kwa muda wake sasa. Aliyevunjika moyo hujibu tofauti. Hataji muda wala mahitaji, hujitaja mwenyewe, kwamba yeye na lugha haviendani, kwamba hakuzaliwa nacho kipaji, kwamba wenzake wana akili. Majibu hayo mawili huishia kwenye daftari lilelile lililofungwa, na shule nyingi huyaandika chini ya neno moja katika ripoti. Wa kwanza hahitaji kuokolewa. Wa pili bado anaweza kuongezewa Kiingereza leo, iwapo atapewa kazi ambayo ataona mwenyewe kabla kengele haijalia kwamba imefanikiwa.